Nilimwambia muuguzi kwamba hii ni mimba yangu ya kwanza, na si kweli

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina umri wa miaka 38, na ninaishi Morogoro na mume wangu ambaye tulifunga ndoa miaka sita iliyopita. Tulikaa muda mrefu bila kupata mtoto, tukazunguka hospitalini na kwa waombezi, maneno ya wakwe yakawa mengi, na hatimaye Mungu akatujalia: sasa nina ujauzito wa wiki 13. Ningepaswa kuwa na furaha, lakini usiku silali.

Nilipokuwa chuoni, nikiwa na miaka 23, nilipata mimba ya kijana niliyekuwa nikisoma naye. Mimba ilipoingia mwezi wa nane niliamka siku moja kichwa kikiniuma ajabu, macho yanaona vimulimuli, uso na mikono vimevimba. Wenzangu wa bwenini walidhani ni malaria. Jioni ile nilianguka kwa degedege, na nilipopata fahamu nilikuwa wodini. Niliambiwa kwamba nilipatwa na kifafa cha mimba, kwamba presha ilipanda mno, na kwamba mtoto wangu wa kiume alizaliwa akiwa amekufa. Mimba ilikuwa ya wiki 31. Mama alikuja kunichukua, na tukiwa njiani aliniambia jambo hili lisitoke kinywani mwangu, kwa kuwa hakuna mwanamume atakayenioa akilijua. Aliongeza kwamba ningebeba mimba ndani ya ndoa yasingenipata. Mama sasa ni marehemu. Nimeitunza siri hiyo miaka 15, na mume wangu hajui.

Tulikwenda kliniki pamoja, kwa kuwa siku hizi akina baba wanahimizwa kuja hudhurio la kwanza ili wote wawili wapimwe. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, anauliza huku akiandika kwenye kadi: hii ni mimba ya ngapi, umezaa mara ngapi, kuna iliyoharibika, kuna mtoto aliyezaliwa akiwa amekufa? Mume wangu alikuwa ameketi kando yangu, mkono wake uko begani mwangu. Nikajibu, "Ni ya kwanza." Kalamu ya muuguzi ilisimama kidogo, akanitazama, akauliza tena kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akapima presha, ikasoma 128 kwa 84, akasema ni nzuri, akanipa tarehe ya kurudi.

Kwa sababu ya umri wangu tulimwona pia daktari wa hospitali binafsi. Alinishauri kufanya kipimo cha damu kinachochunguza kromosomu za mtoto, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba vyake. Damu inasafirishwa nje ya nchi, na bei yake inazidi mshahara wangu wa mwezi. Mume wangu anasema huko ni kumjaribu Mungu. Mtoto tuliyemwomba miaka yote hii, tumpime ili tufanye nini? Mimi nataka kukifanya kwa sababu ambayo siwezi kumwambia: nafikiri kipimo kikubwa namna hiyo kitaonyesha kama yale ya chuoni yatarudi, na kikitoka kizuri sitalazimika kumweleza mtu yeyote chochote.

Mama, je, nikazanie kipimo hata kama kitaleta ugomvi nyumbani? Au nimwambie mume wangu ukweli na kuhatarisha ndoa wakati huu ambapo ninamhitaji zaidi? Au ninyamaze, nimwachie Mungu?

Mwalimu, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, pole. Pole kwa mtoto wako wa kiume, ambaye kwa miaka 15 hukupata nafasi ya kumlilia mbele ya mtu. Katika barua yako umemtaja kwa sentensi moja, kisha ukaenda haraka kwenye habari za ndoa na aibu. Mimi nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Ulifiwa, na wewe mwenyewe uliponea chupuchupu. Ninaomba tuyazungumze mengine yote tukiwa tunalikumbuka hilo.

Nieleze nilivyokuelewa, nawe unisahihishe moyoni mwako kama nimekosea. Unaogopa kwamba kifafa cha mimba kitarudi. Unaogopa pia kwamba mume wako atajua ulikuwa na mimba kabla yake. Hofu hizi mbili umezifunga pamoja kiasi kwamba kila unapotaka kuitibu moja, unaona lazima uifungue na nyingine, na ndiyo maana umeweka matumaini yako kwenye kipimo cha gharama ambacho unadhani kitakujibu bila kukuuliza. Ningependa tujaribu kuzitenganisha, kwa sababu moja kati ya hizo ina muda wake na nyingine haina.

Nianze na kipimo chenyewe. Damu ya mama mjamzito hubeba vipande vidogo sana vya vinasaba vinavyotoka kwenye kondo la nyuma, na kuanzia wiki ya 10 maabara inaweza kuvihesabu ili kuona kama kuna kromosomu iliyozidi. Kinachotafutwa hasa ni sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kujifunza kwa mtoto, pamoja na sindromu za Edwards na Patau ambazo ni adimu zaidi. Kwa sindromu ya Down kipimo hiki hugundua zaidi ya mimba 99 kati ya 100 zenye hali hiyo, na bado kinabaki kuwa kipimo cha uchunguzi wa awali: kikionyesha dalili, uthibitisho hupatikana kwa kuchota kwa sindano maji yanayomzunguka mtoto, kuanzia wiki ya 15, na hatua hiyo ina uwezekano mdogo, chini ya mmoja kwa 100, wa kusababisha mimba kutoka. Daktari wako hakukosea kukitaja, maana uwezekano wa sindromu ya Down huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea, hata kufikia takriban mtoto mmoja kwa kila 100 mama anapokuwa na miaka 40.

Lakini kipimo hicho hakikuundwa kukuambia kama presha itapanda. Kinaweza kurudi kikiwa safi kabisa, ukafurahi, ukakunja karatasi na kuiweka kabatini, na hatari uliyoiogopa ikawa haijaguswa hata kidogo. Hapo ndipo ninapokuomba ulitazame upya tumaini lako. Hata katika hospitali za Ulaya, ambako wajawazito huongezewa ultrasaundi ya mishipa inayopeleka damu kwenye mfuko wa uzazi pamoja na kipimo cha protini ya kondo la nyuma, hesabu ya hatari ya kifafa cha mimba huanza na maswali yale yale uliyoulizwa pale kliniki: mimba ya ngapi, iliyopita iliishaje, katika wiki ya ngapi, miaka mingapi imepita. Maswali ya muuguzi yalikuwa sehemu ya vipimo vyako, tena sehemu kubwa.

Fikiria ile namba 128 kwa 84. Kwa mwanamke ambaye kadi yake inasema hii ni mimba ya kwanza na hakuna tatizo lolote la nyuma, muuguzi anaandika, anampa tarehe na kumwita anayefuata. Namba hiyo hiyo mkononi mwa muuguzi anayejua kwamba mama huyu alipata degedege katika wiki ya 31 na mtoto akafariki ingepata maana nyingine: angepima tena baada ya mapumziko ya dakika tano, umeegemeza mgongo, mkono ukiwa usawa wa moyo, angechovya kijiti kwenye mkojo wako na kusubiri kuona kama rangi yake inabadilika kuashiria protini, angekuandikia rufaa kwa daktari wa wanawake na kusogeza tarehe zako karibu karibu. Ujue pia kwamba kwa kawaida presha ya mjamzito hushuka kidogo katikati ya mimba, kwa hiyo namba nzuri za wiki ya 20 zisikuhakikishie kwamba wiki ya 30 itakuwa salama.

Miongozo ya uzazi ya Uingereza inakadiria kwamba kati ya wanawake ambao tatizo hili la presha ya mimba, lile linaloweza kuishia kwenye degedege, liliwafanya wajifungue kati ya wiki ya 28 na ya 34, karibu mmoja kati ya watatu hurudiwa nalo katika mimba inayofuata. Ninakutajia namba hii si kwa kukutisha, bali kwa kuwa inabeba pande zote mbili: hatari yako ni ya kweli, na bado wanawake wengi waliopita ulikopita hawarudiwi. Kwako wewe kuna pia umri, na zaidi ya miaka 10 tangu mimba ile, jambo ambalo kliniki nalo hulihesabu.

Sasa kuhusu muda. Kwa wanawake walio kwenye hatari kubwa kama yako, Shirika la Afya Duniani linapendekeza aspirini ya kipimo kidogo, miligramu 75 kila siku, ianzishwe kabla ya wiki ya 20, na wataalamu wengi hupenda ianze kabla ya wiki ya 16. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wanawake wenye hatari kubwa miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi ya 14 na kuendelea mpaka wiki ya 36, na visa vya ugonjwa huu vilivyosababisha kujifungua kabla ya wiki ya 37 vilipungua kwa zaidi ya nusu. Vidonge vya kalisi hupendekezwa pia pale ambapo chakula cha kila siku kina kalisi kidogo. Tafadhali usiende dukani kujinunulia aspirini kwa kusoma maneno yangu. Kuna wanawake ambao haiwafai, na kipimo kinapangwa na anayekuhudumia. Lakini hawezi kukupangia dawa ya hatari asiyoijua, na wewe leo uko wiki ya 13.

Umeandika kana kwamba kumwambia muuguzi ni sawa na kumwambia mume wako. Kwa nini iwe hivyo? Unaweza kwenda kliniki siku nyingine ya kazi, peke yako, bila kusubiri tarehe uliyopewa, na kuomba kuzungumza naye faragha. Huhitaji hotuba wala kujitetea. Yatosha kusema, "Siku ile sikuweza kueleza yote. Nilishawahi kupata kifafa cha mimba, mtoto alifariki wiki ya 31, na mume wangu hajui." Wauguzi na wakunga wanafungwa na maadili ya kazi yao kutunza siri ya mgonjwa, hata mbele ya mwenzi wake, na anayefanya kazi kliniki ya wajawazito amekwisha kusikia habari za namna hii mara nyingi. Sikuwapo, siwezi kujua alichowaza mama yule kalamu iliposimama. Ila mtu aliyeuliza swali mara mbili kwa upole huenda akafarijika ukirudi na jibu.

Kuna jambo moja hapa ambalo si jepesi, nalo ni kadi. Kadi ya kliniki inakaa nyumbani, mume wako anaweza kuifungua, na ndani yake kuna sehemu ya mtoto aliyezaliwa akiwa amekufa na sehemu ya miaka 10 au zaidi tangu mimba ya mwisho. Muulize muuguzi waziwazi: utaandika nini, na wapi? Inawezekana mkakubaliana habari hiyo ikae kwenye rejista na barua ya rufaa. Lakini upime na upande wa pili: ukifika usiku katika kituo kingine ambako hakuna anayekujua, kadi ndiyo itakayosema kwa niaba yako, na kadi iliyonyamaza haitawasaidia.

Hilo linanileta kwa mume wako. Barua yako inadhani kwamba akijua ataondoka. Inawezekana, mimi simfahamu. Ila nimeona katika maneno yako mwanamume aliyekaa nawe miaka sita ya maneno ya wakwe, aliyekuja kliniki kwa miguu yake na kuweka mkono begani mwako. Je, hofu uliyonayo juu yake umeipata kwake, au umeipata kwa mama yako, njiani kutoka hospitali, ukiwa na miaka 23? Marehemu mama alikuwa anakulinda kwa namna alivyoijua dunia yake, na siwezi kumlaumu. Hata hivyo alikuambia jambo moja ambalo ninakuomba ulitue: ndoa isingezuia kilichotokea. Ugonjwa huu huanzia kwenye kondo la nyuma, mishipa inapokosa kupanuka vizuri tangu miezi ya mwanzo, na huwapata zaidi wanawake walio na mimba ya kwanza, wenye pete na wasio na pete. Hukuuleta kwa dhambi wala kwa uzembe.

Ukiamua kumwambia, kuna namna kadhaa, na kila moja ina uzito wake. Kumwambia nyumbani, ninyi wawili tu, kunampa heshima ya kuwa wa kwanza kusikia, ingawa hakuna atakayekushika mkono akikasirika. Kumwambia mbele ya muuguzi au daktari kunaiweka habari mahali pake pa kitabibu, na maswali yake ya hofu yatajibiwa papo hapo, lakini baadhi ya wanaume huona wamevuliwa nguo mbele ya mgeni. Kumtanguliza mzee anayemheshimu ni desturi yetu na mara nyingi husaidia, ila siri ikishafika kwa mtu wa tatu wa ukoo huwezi tena kuchagua itaishia wapi, na kwa wakwe uliowaeleza ningesita. Kama amewahi kukuinulia mkono au kukutisha, nisamehe kwa kuuliza, basi mazungumzo haya yabadilike kabisa: usalama wako utangulie, na hilo nalo umwambie muuguzi.

Ukiamua kutomwambia kwa sasa, sitakuona mwongo. Una haki ya kuchagua wakati wa kulizungumza jeraha lako. Nina jambo moja tu la kukuwekea mbele. Mjamzito akifikishwa hospitali akiwa na degedege hawezi kujieleza, na wahudumu humgeukia aliyemleta: presha ilianza lini, amewahi kupata hali hii? Atakayekuwa amesimama pale ni mume wako, na atajibu kwa hakika kabisa kwamba ni mimba ya kwanza. Wahudumu watamtibu mgonjwa wanayemwona, na dawa iko. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2002, lililohusisha wanawake zaidi ya 10,000, lilionyesha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini yeye angeijua habari yako ukumbini kwa watu wengine, akiwa na hofu ya kukupoteza. Linganisha siku hiyo na jioni moja tulivu ya mwezi huu. Au labda utaona kwamba bado hujawa tayari kwa yoyote kati ya hizo, na utaanza na muuguzi peke yake.

Kuhusu kile kipimo cha kromosomu, swali la mume wako la "tumpime ili tufanye nini" ni swali la maana kuliko alivyodhani, na ningependa mlijibu pamoja badala ya kuligombania. Sheria ya Tanzania hairuhusu kukatisha mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama, kwa hiyo kwenu jibu la kipimo lingekuwa la kujiandaa. Kuna wazazi ambao maandalizi hayo yana thamani kubwa: karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, na kujua mapema husaidia kuchagua mahali pa kujifungulia na kumtafuta daktari wa watoto. Wapo wengine ambao majibu ya namna hiyo yangewatia wasiwasi miezi yote bila kubadilisha chochote. Kati yao hakuna aliyekosa imani. Upo pia uwezekano wa kungoja ultrasaundi ya kina kati ya wiki ya 18 na ya 22, inayoonyesha maumbile ya mtoto kwa gharama ndogo zaidi, ingawa haina uhakika wa kile kipimo cha damu kuhusu kromosomu. Kama fedha ni za kuchagua, uliza pia mashine ya presha ya kufunga kwenye mkono wa juu ni bei gani, ambayo ungeitumia nyumbani kila siku hadi kujifungua na hata wiki za baadaye, kwa kuwa presha hii inaweza kupanda hata mtoto akishazaliwa.

Wakati unatafakari, mengine hayangoji uamuzi wowote. Presha ikifika 140 kwa 90, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Ikifika 160 kwa 110, au kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiona ukungu au vimulimuli, maumivu yakikushika juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono vikivimba ghafla, au mtoto akipunguza kucheza, ondoka hata kama ni usiku wa manane, na usikubali mtu akuambie ni malaria kabla presha yako haijapimwa. Amueni mapema ni gari la nani litakalowapeleka na hospitali ipi yenye chumba cha upasuaji na damu. Hilo unaweza kulipanga na mume wako wiki hii kwa sababu ya umri wako tu, hata kama mengine hujayasema.

Ukishaonana na muuguzi, niandikie alichokupangia na alivyokupokea. Ukitaka tuyapange pamoja maneno ya kuanzia kwa mume wako, sema katika barua hiyo, nami nitakujibu.

Mama Mshauri